Filamu fupi za nyimbo na vichekesho za Hollywood: kwa nini bado zinavutia?

Mtazamaji aliyeingia katika jumba la sinema nchini Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1930 hakuwa amelipia filamu moja pekee. Kabla ya filamu kuu kuanza, alionyeshwa habari za juma kwa picha, filamu ya katuni, na mara nyingi filamu fupi ya dakika kumi hadi ishirini iliyochanganya nyimbo, dansi na mizaha. Hakuna aliyetarajia idumu. Ilikuwa kitangulizi tu, kitu cha kuwachangamsha waliokwisha kuketi wakati wengine wakitafuta viti vyao.

Hata hivyo, takriban karne moja baadaye, filamu hizo ndogo ndizo ambazo wapenzi wa jazi, watafiti wa muziki na wanahistoria wa sinema wanazirudia tena na tena. Ndani yake mna wasanii ambao hawakupewa nafasi katika filamu ndefu, michezo ya jukwaani ambayo vinginevyo ingepotea bila kuacha alama, na pia dhihaka ambazo leo ni vigumu kuzitazama bila kukunja uso. Mvuto wake na aibu yake vimo katika mkanda mmoja.

Usiku wa tarehe 6 Agosti 1926

Simulizi nyingi huanzisha historia ya filamu za sauti na The Jazz Singer, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza New York tarehe 6 Oktoba 1927. Lakini zaidi ya mwaka mmoja kabla ya hapo, tarehe 6 Agosti 1926, kampuni ya Warner Bros. ilikuwa imezindua katika jiji hilohilo mfumo wake wa sauti ulioitwa Vitaphone.

Filamu kuu ya usiku huo, Don Juan, ilikuwa na muziki uliorekodiwa, lakini waigizaji wake hawakutamka neno. Sauti za wanadamu zilitoka katika filamu fupi zilizotangulia. Will Hays, kiongozi wa chama cha watayarishaji wa filamu, alitoa hotuba. Giovanni Martinelli aliimba kipande cha opera. Roy Smeck alionyesha umahiri wake wa kupiga ukulele, gitaa dogo lenye asili ya Hawaii. Kwa maneno mengine, filamu fupi zilianza kuimba na kuzungumza wakati filamu ndefu zikiwa bado bubu.

Warner Bros. haikuwa kampuni kubwa kuliko zote wakati huo. Kumrekodi mwimbaji mmoja kwa dakika chache kulikuwa rahisi na nafuu kuliko kuhatarisha fedha katika mchezo mzima wa saa moja na nusu. Mafanikio ya filamu hizo fupi ndiyo yaliyoipa kampuni hiyo ujasiri wa kusonga mbele, na kampuni nyingine zikalazimika kuifuata.

Sahani, sindano na mkanda

Anayetaka kuelewa kwa nini filamu hizo zilikuwa fupi kiasi hicho hana budi kwanza kuelewa mashine yenyewe. Katika mfumo wa Vitaphone, sauti haikuwa ndani ya mkanda wa filamu. Ilikuwa katika sahani ya santuri iliyochezwa sambamba na picha, projekta na gramafoni vikiendeshwa pamoja kwa mwendo mmoja.

Santuri zilizozoeleka Afrika Mashariki enzi hizo zinatoa kipimo kizuri. Mwaka 1928, Siti binti Saad wa Zanzibar alipokwenda Bombay kurekodi nyimbo zake za taarabu, sahani za kawaida zilizunguka mara 78 kwa dakika, na upande mmoja ulibeba takriban dakika tatu za muziki. Dakika tatu hazikutosha sinema. Mkanda mmoja wa filamu wenye urefu wa futi 1,000 ulidumu takriban dakika 11. Kwa hiyo ilitengenezwa sahani kubwa ya inchi 16, iliyozunguka polepole mara 33 na theluthi moja kwa dakika, ili sauti na picha vimalizike pamoja.

Kazi ya mwendesha projekta ilikuwa ya wasiwasi. Alitakiwa kuweka sindano mahali palipotiwa alama kwenye sahani na kuhakikisha mkanda unaanzia kwenye picha iliyokusudiwa. Mkanda ukikatika, hakuweza kuuunga tu na kuendelea, kwa sababu picha chache zikipotea, mwimbaji angefumba mdomo huku sauti yake ikiendelea kusikika. Ilibidi sehemu iliyopotea ijazwe na picha nyeusi za idadi ileile. Sahani zenyewe zilichakaa upesi, na baada ya kuchezwa takriban mara 20 zilitakiwa kuondolewa na kuletwa mpya.

Mwanzoni mwa miaka ya 1930, mfumo wa kuandika sauti pembeni mwa mkanda wenyewe ulishinda, na sahani zikaachwa. Lakini umbo la dakika kumi lilikuwa limekwisha kuzoeleka. Kilichoanza kama mpaka wa mashine kilikuwa kimegeuka kuwa nidhamu ya sanaa: mzaha mmoja, nyimbo mbili au tatu, kisha tamati.

Jukwaa lililohamia kwenye skrini

Ingawa jina la Hollywood hutumika kuzitambulisha filamu hizi, nyingi hazikutengenezwa California. Warner Bros. ilitumia studio ya Brooklyn, na kampuni ya Paramount ilikuwa na studio yake Astoria, katika eneo la Queens. Sababu ni rahisi. Wasanii walikuwa New York. Mwimbaji au mchekeshaji aliweza kurekodiwa mchana na kurudi katika ukumbi wa maonyesho jioni.

Wengi wao walitoka katika vodivili, aina ya onyesho la jukwaani lililopendwa sana Marekani tangu mwishoni mwa karne ya 19. Onyesho moja lilikuwa na waimbaji, wachekeshaji, wacheza dansi, wanasarakasi na hata wanyama waliofunzwa, kila mmoja akipewa dakika chache. Msanii mwenye mchezo mmoja mzuri wa robo saa aliweza kuzunguka nao mji hadi mji kwa miaka, kwa kuwa watazamaji wa kila mji walikuwa wapya.

Sinema ilivunja mpango huo. Mchezo uliorekodiwa mara moja ulionekana katika mamia ya miji, na msanii aliyefika baadaye alikuta mzaha wake umekwisha kuchekwa. Ukumbi wa Palace wa New York, uliohesabiwa kuwa kilele cha vodivili, uligeukia sinema mwaka 1932.

Filamu fupi ya Lambchops ya mwaka 1929 inaonyesha kipindi hicho cha mpito vizuri kuliko maelezo yoyote. George Burns na Gracie Allen, mume na mke, waliitwa kuchukua nafasi ya mchekeshaji Fred Allen aliyekuwa ameugua. Wanaingia katika chumba cha maonyesho wakipekua huku na kule. Wanatafuta watazamaji. Ndipo George anapomwelekeza Gracie kwenye kamera na kumfahamisha kwamba watazamaji wamo mle. Baada ya hapo wanaendelea na mchezo wao wa jukwaani, Gracie akijibu kila swali kwa mantiki yake mwenyewe na George akibaki ameduwaa. Wawili hao walikuja kuwa nyota wa redio, kisha wa televisheni, lakini katika dakika hizo wanaonekana kama wageni waliobisha hodi katika nyumba wasiyoijua.

Mahali pa kujaribu

Kwa kuwa filamu fupi iligharimu fedha kidogo, ilikuwa mahali pa kujaribu jambo ambalo hakuna mkuu wa studio angethubutu kulijaribu katika filamu kubwa. Mifano minne inatosha.

Wa kwanza ni Woman Haters ya mwaka 1934, filamu ya kwanza ya kundi la Three Stooges kwa kampuni ya Columbia. Watu wanaowafahamu wachekeshaji hao kwa makofi na kuchomana vidole machoni hushangaa kusikia kwamba majibizano yote ya filamu hiyo yametungwa kwa vina. Msikilizaji aliyezoea malumbano ya washairi atatambua mara moja raha ya kungoja kina kinachofuata, na kicheko kinachozuka pale kinapoangukia neno asilolitarajia. Jaribio hilo halikurudiwa sana, lakini kundi hilo liliendelea hadi kutengeneza filamu fupi 190 kwa Columbia.

Wa pili ni So This Is Harris! ya mwaka 1933, iliyotengenezwa na kampuni ya RKO. Kiini cha mzaha wake ni redio: sauti ya mwimbaji Phil Harris inawasisimua wake za watu majumbani, na waume wanakereka. Mwongozaji wake, Mark Sandrich, aliifunga picha katika mapigo ya muziki, hata vitendo vya kawaida vikafuata mdundo. Filamu hiyo ilipata Tuzo ya Oscar ya filamu fupi ya vichekesho. Baada ya hapo Sandrich alikabidhiwa filamu ndefu, na akaongoza tano kati ya filamu za Fred Astaire na Ginger Rogers, ikiwemo Top Hat ya mwaka 1935. Mengi yanayosifiwa katika filamu hizo kubwa yalifanyiwa mazoezi katika filamu ndogo.

Wa tatu ni La Cucaracha ya mwaka 1934. Hiyo ilitengenezwa ili kuonyesha uwezo wa mfumo mpya wa Technicolor, uliorekodi rangi tatu za msingi. Hadithi yake ni ya wivu wa mapenzi katika mkahawa wa Mexico, na kila hisia ina rangi yake: uso wa mtu mwenye hasira hugeuka mwekundu mbele ya mtazamaji. Nayo ilipata Oscar, na mwaka uliofuata ikaonekana filamu ndefu ya kwanza iliyotumia mfumo huo mwanzo hadi mwisho.

Wa nne ni Every Sunday ya mwaka 1936, iliyotengenezwa na MGM. Wasichana wawili wa miaka 14 wanataka kuokoa bendi ya wazee inayopiga muziki bustanini kila Jumapili bila watu kuja kuisikiliza. Mmoja anaimba kwa mtindo wa opera, mwingine kwa mtindo wa jazi. Wa kwanza ni Deanna Durbin, wa pili Judy Garland. Filamu hiyo inadumu takriban dakika 11. Katika muda mfupi baada yake, Durbin alikuwa nyota wa kampuni nyingine, na mwaka 1939 Garland akaonekana katika The Wizard of Oz.

Mlango mwembamba wa wasanii weusi

Sehemu yenye uzito zaidi katika historia hii inawahusu Wamarekani weusi. Katika filamu ndefu za wakati huo, wengi wao waliambulia nafasi za watumishi wa nyumbani, wapishi na wabeba mizigo. Katika filamu fupi, kiongozi wa bendi kama Duke Ellington aliweza kuwa mhusika mkuu, akiitwa kwa jina lake mwenyewe na kupiga muziki wake mwenyewe.

Black and Tan ya mwaka 1929, iliyoongozwa na Dudley Murphy, inamwonyesha Ellington akiwa mtunzi asiye na fedha ambaye piano yake inakaribia kuchukuliwa kwa sababu ya deni. Ana heshima na utulivu, na mpenzi wake, aliyeigizwa na Fredi Washington, anacheza dansi licha ya ugonjwa wa moyo hadi anaanguka. Lakini vibarua wawili wanaokuja kuchukua piano wameandikiwa mzaha wa kawaida wa enzi hizo: ni watu weusi wajinga, wanaonunuliwa kwa pombe. Katika chumba kimoja, filamu moja inamtukuza mtu mweusi na kumdhihaki mwingine.

Mgongano huo uko wazi zaidi katika A Rhapsody in Black and Blue ya mwaka 1932. Mume anayesikiliza jazi badala ya kusafisha sakafu anapigwa kichwani na mkewe, anazimia, na kuota kwamba yeye ni mfalme. Anayemtumbuiza ni Louis Armstrong, aliyevishwa ngozi ya chui na kusimamishwa katikati ya mapovu ya sabuni. Vazi hilo lilikusudiwa kuchekesha kwa kumfananisha na mshenzi wa kubuni wa Afrika. Armstrong anapoinua tarumbeta yake, hata hivyo, macho ya mtazamaji huacha ngozi na mapovu, yakabaki kwenye vidole na uso wa mtu anayeimiliki kazi yake kikamilifu.

Mwaka 1933, Rufus Jones for President ilimwonyesha mtoto mweusi aliyeota kwamba amechaguliwa kuwa rais wa Marekani. Mtoto huyo alikuwa Sammy Davis Jr., aliyekuwa na umri wa miaka 7, na mama yake aliigizwa na mwimbaji mashuhuri Ethel Waters. Wazo la rais mweusi liliwekwa pale kama kichekesho kwa sababu lilionekana haliwezekani, na filamu imejaa mizaha ya kuku na kamari iliyowalenga watu weusi. Miaka 75 ilipita kabla ya Wamarekani kumchagua Barack Obama, mtoto wa baba Mkenya. Leo mizaha hiyo imechacha, lakini sauti ya Waters na miguu ya yule mtoto havijachacha.

Pie, Pie Blackbird ya mwaka 1932 iliwakusanya bendi ya Eubie Blake, ndugu wawili wacheza dansi wa kugonga sakafu kwa viatu, Fayard na Harold Nicholas, na mwigizaji Nina Mae McKinney. Ndugu hao walikuwa bado watoto. McKinney, kwa upande wake, hakupata Hollywood nafasi zilizolingana na kipaji chake, akaenda kutafuta kazi Ulaya. Huko aliigiza pamoja na Paul Robeson katika filamu ya Uingereza ya Sanders of the River, iliyotoka mwaka 1935. Miongoni mwa Waafrika waliokodiwa kujaza umati katika filamu hiyo alikuwemo Jomo Kenyatta, aliyekuwa akiishi London na ambaye baadaye alikuwa rais wa kwanza wa Kenya. Filamu hiyo ilisifu utawala wa kikoloni, na Robeson alikuja kuijutia hadharani. Dhihaka iliyokuwa katika vichekesho vya New York haikuwa ya Marekani peke yake.

Waliolipa gharama

Kicheko hicho kilikuwa na gharama nyingine. Kabla ya sauti kuingia, majumba ya sinema yaliajiri wapiga piano, wapiga kinanda na hata okestra nzima kusindikiza filamu bubu. Sahani moja ya inchi 16 ilifanya kazi yao yote. Maelfu ya wanamuziki walipoteza ajira, wakati uleule ambapo uchumi wa Marekani uliporomoka baada ya mwaka 1929.

Chama cha wanamuziki cha Marekani kilinunua nafasi katika magazeti kuwasihi wananchi waukatae muziki wa mashine. Katika matangazo hayo, mashine ilichorwa kama mtu wa chuma asiye na moyo. Watazamaji hawakuitikia. Tiketi ilikuwa nafuu, na bendi iliyoonekana kwenye skrini ilikuwa maarufu kuliko ile iliyokuwa ikipiga ukumbini. Mabishano yaleyale kati ya msanii na mashine yanasikika hadi leo, tofauti ni mashine tu.

Mwisho wa enzi

Filamu fupi za nyimbo hazikuuawa na jambo moja. Katika miaka ya dhiki, wenye majumba ya sinema walianza kuonyesha filamu ndefu mbili kwa tiketi moja, na nafasi ya filamu fupi ikapungua. Studio ziliendelea kuziuza kwa kuwalazimisha wenye majumba kununua filamu kwa mafungu, hadi Mahakama Kuu ya Marekani ilipopiga marufuku utaratibu huo mwaka 1948. Baada ya hapo televisheni ilichukua nafasi ya wimbo mfupi, mzaha mfupi na tabasamu la kuagana.

Nyingi za filamu zenyewe zilipotea. Mikanda ya wakati huo ilitengenezwa kwa nitrati, kemikali inayooza na kushika moto upesi. Zile za Vitaphone zilikuwa na balaa la ziada: mkanda uliweza kusalia katika ghala moja, na sahani yake ikatupwa au kuuzwa mbali. Filamu ikabaki bubu, au sauti ikabaki bila uso.

Mwaka 1991, wapenzi wa filamu hizo waliunda Mradi wa Vitaphone, uitwao Vitaphone Project, ili kutafuta sahani zilizo mikononi mwa watu binafsi na kuzilinganisha na mikanda iliyo katika hifadhi. Mojawapo ya filamu zilizopatanishwa hivyo na sauti yake ni A Plantation Act ya mwaka 1926, iliyomrekodi Al Jolson mwaka mmoja kabla ya The Jazz Singer. Sahani yake ilikuwa imevunjika na kuungwa kwa gundi, na mafundi walihitaji uvumilivu mkubwa kuirejeshea sauti. Kilichookolewa ni Mzungu aliyejipaka rangi nyeusi usoni, akiimba kama mfanyakazi wa shambani wa Kusini. Wahifadhi hawakuokoa kwa kuchagua yanayopendeza, wala hawakupaswa kufanya hivyo.

Maktaba ya Bunge ya Marekani imeingiza baadhi ya filamu hizo katika Rejesta ya Taifa ya Filamu: Lambchops mwaka 1999, St. Louis Blues mwaka 2006, na Black and Tan mwaka 2015.

St. Louis Blues, nayo ya mwaka 1929 na ya Dudley Murphy, inaanza na kichekesho cha wacheza kamari na kuishia katika huzuni. Mhusika wake ni Bessie Smith, mwimbaji mkuu wa bluzi wa zama zake, aliyefariki mwaka 1937 baada ya ajali ya gari huko Mississippi. Sauti yake imehifadhiwa katika sahani nyingi. Lakini anayetaka kumwona mwanamke mwenyewe, ameegemea kaunta ya baa na bilauri ya bia mkononi, akiimba juu ya mwanamume aliyemtoroka, ana filamu hiyo moja tu, nayo haifiki dakika 20.